Pikipiki Iliyofungwa Kengele ya Ngamia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyelifanya jua la Garissa kuwa kali, kisha akatupa na akili ya kulitumia badala ya kulilalamikia tu. Namshukuru kwa afya, kwa mke mwenye subira, na kwa subira aliyonipa mimi pale ya mke ilipokwisha.

Nimesomesha Qur'ani hapa mtaani Iftin tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nilikuwa na pikipiki ndogo ya petroli, kuukuu, yenye kelele na moshi. Nilipoiwasha alfajiri kwenda msikitini, mtaa mzima uliamka kabla ya adhana, hata muadhini akanilalamikia kwamba namnyang'anya thawabu zake. Ndipo nikaona kwenye simu mtu akitoa injini ya pikipiki na kutia betri. Juu ya bati langu tayari kulikuwa na sola. Nikamwambia mke wangu, "Sasa tutasafiri kwa jua."

"Jua hilihili linalotuua?" akauliza.

Nilisaidiwa na jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti. Chuma alikijua vizuri; umeme aliujua kwa kusikia. Kila siku baada ya alasiri tulikaa uani. Tulitoa injini, tukatoa kabureta na ekzosi, tukaweka gurudumu la nyuma lenye mota ndani yake. Pale ilipokuwa injini, jirani alichomelea sanduku la betri, zito kama geti, kwa kuwa hakujua kutengeneza kitu chepesi. Siku ya kujaribu nilipanda, nikasema bismillahi, nikazungusha mkono wa mafuta ambao sasa haukuwa na mafuta. Pikipiki ikaondoka kwa kasi kurudi nyuma. Ikapita uani, ikapita mlango wa jikoni, ikasimama kwenye ndoo ya unga wa mikate ya anjera.

Mke wangu hakugeuka. "Karibu," alisema. "Siku hizi wageni huingia kinyumenyume?"

Nilimweleza kwamba ni nyaya mbili tu zilizopishana. Akafuta unga mikononi, akasema, "Sikiliza, mzee. Alhamisi ijayo wewe ndiye utakayemfungisha nikaha mpwa wako kule kijijini, barabara ya Dadaab. Utanipeleka kwa hicho chombo chako. Tukifika kabla ya adhana ya adhuhuri, na heshima zetu zikiwa nzima, nitanyamaza. Tusipofika, namwita mnunuzi wa vyuma chakavu."

Tulibadilisha nyaya, na kwa rehema za Mungu ikaenda mbele. Ilikwenda vizuri mno, kimya kabisa, na ukimya huo ukaniletea balaa. Nilikuwa nikifika mgongoni mwa watu bila wao kujua. Siku moja niliwakaribia wazee wawili wa msikiti wetu, nikamsikia mmoja akisema, "Sheekh wetu ni mtu mwema, ila hotuba zake ni ndefu kama ukame." Nikalazimika kukohoa. Siku nyingine mama mmoja aliruka na birika lake la maziwa, akaniambia, "Sheekh, na wewe wa kuninyemelea?" Kwa mtu wa umri wangu na kilemba changu, hilo si neno la kusikika sokoni.

Tukaunganisha honi na betri mpya. Betri ilikuwa na nguvu kuliko honi. Honi ililia mara moja, ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nililidhani ni ilhamu. Dada yangu, mama wa huyo bwana harusi, anafuga ngamia nje ya mji na kuuza maziwa. Alikuwa na koor, ile kengele ya mti anayofungwa ngamia shingoni. Ilikuwa ya ngamia jike mkongwe aliyeongoza kundi lake miaka mingi, akafa kiangazi kilichopita. Nilimwomba, akanipa. Jirani yangu akaifunga kwa mnyororo, akauchomelea mnyororo chini ya usukani, imara kabisa. Kila shimo la barabarani, kok-kok-kok, na watu wakapisha. Nilimshukuru Mungu.

Alhamisi tulitoka mapema. Mke wangu alikaa nyuma kwa upande, amejitanda garbasari, shali yake mpya. Betri ilionyesha mistari mitano. Tulipoupa mji mgongo nilianza kufurahi, kisha akanigonga bega.

"Mzee, kuna ngamia nyuma."

"Ngamia wapo kila mahali."

"Hawa wanakimbia."

Nikageuka. Ngamia tisa wa dada yangu walikuwa wakija, shingo mbele, midomo inaning'inia, na nyuma yao mchungaji wao, mtu mzima mwenye ndevu za hina, amekunja kikoi mpaka magotini, akipiga kelele, "Waryaa, Sheekh! Simama!"

Nikasimama. Wakatuzunguka. Mmoja aliinusa taa, mwingine akalamba kilemba changu. Walikuwa wameisikia sauti ya mama yao. Mchungaji akawasukuma, akawapiga, akawatukana, akaniomba radhi kwa matusi, akaendelea kuwatukana. Hawakusogea.

"Iondoe hiyo kengele!" mke wangu akasema.

"Imechomelewa."

"Nani huchomelea kengele?"

"Fundi wa mageti."

Nilijaribu kwa mkono, nikajaribu kwa jiwe. Jua lilikuwa limepanda na mistari ya betri ilibaki mitatu. Mke wangu akavua ile shali yake mpya, akaishindilia ndani ya kengele mpaka ikanyamaza. Nikaondoa pikipiki. Ngamia nao wakaondoka. Kengele hawakuihitaji tena. Walikuwa wameshaiamini pikipiki.

"Ongeza mwendo!" akasema.

"Nikiongeza, betri itakwisha."

"Usipoongeza, huyu wa kahawia atakaa na mimi."

Tuliingia kijijini na mstari mmoja wa betri na ngamia tisa, na adhana ilikuwa bado. Baba wa bibi harusi alitoka kwenye turubai, akatuona, akainua mikono juu. "Mashallah! Mahari tulishakubaliana, na nyinyi mmezidisha!" Wanawake wakapiga vigelegele. Dada yangu akatoka mbio kuona kinachoshangiliwa. Akawatazama ngamia wake, kisha akanitazama mimi.

"Walaal, ndugu yangu," akaniambia taratibu, "umekuja kumwoza mwanangu au kunifilisi?"

Nakiri kwamba shetani alinijia. Kunyamaza dakika moja tu kungenifanya mtu mkubwa sana. Lakini nilikuwa nimekuja kusimamia mkataba, na mkataba hauanzi kwa uongo. Nikasema, "Ndugu zangu, hawa si mahari wala zawadi. Wameifuata kengele."

Baba wa bibi harusi aliisogelea pikipiki. Akaichungulia kengele, akaivuta ncha ya shali. "Yaani wamekufuata wewe kama ngamia mwenzao?"

"Mkubwa wao," mke wangu akamsahihisha.

Mtu yule alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na aliyebaki akitaka kukasirika akakosa mwenzake. Dada yangu alidai kengele yake palepale. Mchungaji akaazima shoka, akaukata mnyororo wake, na ngamia wakamgeukia. Lakini kabla ya kuondoka walimaliza pipa zima la maji ya udhu. Tukatawadha kwa maji ya mabirika ya chai, kabla hayajatiwa majani.

Baada ya adhuhuri nilifungisha nikaha. Nilipomuuliza bwana harusi kama amekubali, ngamia mmoja aliyerudi akaingiza kichwa chini ya turubai na kukoroma kwa nguvu. Ikabidi niulize tena, ndoa isije ikamwendea asiyestahili.

Alasiri nilimkuta mke wangu kati ya wanawake akisimulia safari. Kwenye hadithi yake ngamia walikuwa wameshafika kumi na tano. Aliponiona akaja kando.

"Tulifika kabla ya adhana," nikasema.

"Tulifika."

"Na heshima?"

Akawatazama wale wanawake wanaomngojea aendelee. "Mnunuzi wa vyuma asije," akasema. "Lakini kengele basi. Watu nitawaambia mimi wapishe."

Mpaka leo tukienda sokoni hukaa nyuma yangu akiita, "Pisheni! Mzee anakuja, hasikiki!" Sauti yake haiunguzwi na betri yoyote.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufikishe uendako kabla ya wakati kukupita, akupe mwenza wa kucheka naye njiani, na akulinde na wote wanaokufuata bila kuwaita. Amin.