Zamu ya Mke Mkubwa

Nina duka la dawa za mifugo Migori mjini. Kutwa nzima nawahubiria watu wachanje ng'ombe kabla hajaugua, eti kinga ni bora kuliko tiba. Mganga hajigangi.

Baba yetu aliacha wajane wawili katika boma moja, upande wa Homa Bay. Mama yangu ni wa pili. Wa kwanza, ambaye sisi Wajaluo tunamwita mikayi, mimi namwita Mama Mkubwa. Kwetu mikayi hutangulia: yeye hupanda kwanza, huvuna kwanza, ndipo wengine wafuate. Ukimruka, umeita mikosi. Mimi nilisoma, nikajidai nimeyavuka hayo. Uongo mtupu.

Chama chetu cha wafanyabiashara kilileta bima ya wazazi, ya kujazia ile ya serikali. Wakala alikuja dukani, akaegemea magunia ya chumvi ya ng'ombe.

"Madam, sikiza vizuri," akaniambia. "Mzazi akiwa chini ya miaka sabini, mwezi huu tunamchukua hivyo tu. Hatuulizi sukari, hatuulizi presha. Hiyo ni haki yake. Mwezi ikiisha, lazima apimwe, na ugonjwa yenye ako nayo hatulipii."

"Na aliyepita sabini?"

"Huyo, pole."

Mama hakuwa amefika sabini, na sukari alikuwa nayo. Mama Mkubwa alikuwa ameipita sabini kitambo. Jumapili hiyo nilikwenda nyumbani. Nilimkuta Mama Mkubwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba yake, nikamsalimu, nikamwachia sabuni na majani ya chai, nikapita moja kwa moja hadi kwa mama.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mikayi?" akauliza.

"Umri wake hawaukubali."

"Basi na mimi bado. Binti yangu, unataka nimtangulie? Watu watasema nimemzika akiwa hai."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mama akishasema hapana, hata ng'ombe wa kulimia hamvuti. Lakini ile nyumba nyingine ilikuwa ng'ambo ya ua tu. Ningeweza kuvuka nikamwambie Mama Mkubwa jambo lote. Sikuvuka. Utamwambiaje mwanamke aliyekubeba mgongoni kwamba bima imemwona amezeeka mno? Nilirudi Migori nimenuna, nikimlaumu wakala, nikiwalaumu wazee waliotunga miiko, nikimlaumu mama. Mwezi ukaisha.

Kabla ya mvua za vuli, mama alijikwaa kwenye kisiki. Kidonda kikakataa kufunga. Bima ya serikali ilifika ilipofika, ikachoka. Nilimpigia wakala simu nikimbembeleza kama mtoto.

"Madam, tutamchukua, lakini sukari na yote yenye inaletwa na sukari, hapana. Si nilikuambia?"

Alikuwa ameniambia. Daktari bingwa tuliyeelekezwa kwake alikuwa katika hospitali ya kulipia, ile ambayo bima ya kujazia ingemfikisha mama siku hiyo hiyo. Sisi tukaanza kuchangishana, ndugu na majirani. Mguu haukungoja mchango. Waliukata chini ya goti.

Mama Mkubwa alikuja wodini na uji kwenye chupa. Alimlisha mwenzake kijiko kwa kijiko, kisha akaniuliza mbona tulichelewa hivyo. Nilichoka kuficha. Nikamwambia yote: bima, miaka sabini, mama kukataa kumtangulia.

Aliweka kikombe chini.

"Mwaka ule nililala na homa msimu wa kupanda, shamba lilingoja nipone?" akasema. "Nilichukua mbegu kiganjani, nikampa mama yako, nikamwambia nenda, anza kwa jina langu. Akapanda, boma zima likapanda. Hili nalo lilitaka neno moja tu kutoka kwangu. Ungekuja tu uniambie, mwanangu."

Mwiko nilioulaumu ulikuwa na mlango, na mwenye ufunguo nilimpelekea sabuni.

"Mwache," mama akamwambia. "Alikuwa anakuheshimu."

Haikuwa heshima. Niliogopa kumtazama Mama Mkubwa usoni, basi, na mama alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Alisema vile bila kunitazama, akivuta shuka ifunike pale mguu ulipoishia.