Kamshafti ya lori la vyoo

Kawangware nzima inajua kwamba injini ya dizeli haiwezi kunidanganya. Lakini juzi, kwenye duka la vipuri, lori moja lilinishinda.

Mwenye lori la kunyonya vyoo vya Kibera alikuwa akichagua kamshafti, kile chuma kinachofungua vali za injini. Turbo kubwa ya kuongeza nguvu alishafunga, sasa alitaka moto zaidi.

Fundi akamwekea mbili kwenye kaunta. "Boss, hii ni ya kupanda mlima na mzigo. Hii nyingine ni ya mbio, lori likiwa tupu."

"Nipe ya mbio."

"Wacha mchezo! Ukiwa tupu unakimbilia wapi?"

Jamaa akachungulia mlangoni, akapangusa shingo. "Nikishamwaga mtoni, askari wa kanjo hunifukuza. Juzi nusura wanishike."

Fundi aliivuta ile ya mbio polepole, akairudisha rafuni.

"Mtoni wapi?" nikauliza.

"Pale chini, kwa mashamba ya sukuma wiki."

Ndugu msomaji, hizo sukuma nimezisifu mtaa mzima. Nilifika nyumbani nikakuta mama watoto ameshapakua ugali na sukuma, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamwambia sina njaa.