Sauti ya Mzee Ephantus

Kila asubuhi Veronicah alipopalilia maua mbele ya nyumba yake, pale mtaani Jamhuri, alikuwa na nyaya za MP3 yake ndogo ya muziki masikioni, na majirani waliopita langoni walipunguza sauti kwa heshima. Walidhani anasikiliza mahubiri. Mjane wa mzee wa kanisa angesikiliza nini kingine? Naye hakuwahi kuwasahihisha.

Aliyekuwa mle ndani ni Ephantus, mumewe, akiimba nyimbo za pombe.

Ilikuwa karibu na mwisho wake. Kiharusi kilikuwa kimemlaza, akili ikawa inakwenda na kurudi. Veronicah alimwomba amsomee Zaburi, apate kuiweka, akabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye MP3 hiyo. Badala ya Zaburi, mzee akaanza wimbo wa vilabu vya Dagoretti, alikokuwa akinywea kabla hajaokoka. Maneno yenyewe yalikuwa machafu kabisa. Aliimba, akacheka, akaita, “Vero, njoo tucheze,” kama kijana asiyejua kwamba anakufa. Veronicah hakumwambia mtu, hata bintiye Ciru. Simu ya mzee ilikuwa imepotea hospitalini, na kanisani hakuna aliyewahi kumrekodi. Sauti ya Ephantus haikubaki mahali pengine popote duniani.

Kisha MP3 ikakataa kuwaka.

Akaipeleka mjini, Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja aliyeitwa Sifuna, mtu mzima mwenye mvi na maneno mengi.

“Mum, hii umetoa makumbusho?” Sifuna aliigeuza geuza. “Hii hata mwizi atakurudishia.”

“Unaweza kuitengeneza au huwezi?”

“Usikasirike, mum. Naweza.”

Aliifungua, akagusagusa nyaya, akaiunganisha na kompyuta. Hapo ndipo Veronicah alipohisi mkono begani. Alikuwa Philister, katibu wa akina mama kanisani, aliyekuja kubadilisha kioo cha simu.

“Mama Ciru! Hiyo si ile ya mzee? Usiniambie sauti yake iko humo!” Alishika kifua. “Na ibada ya kumbukumbu ni Jumapili! Tutaicheza kanisani, watu walie vizuri.”

“Hakuna kitu humo.”

“Iko moja, mum,” Sifuna alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta. “Ndefu kiasi. Ilikuwa inaharibika lakini nimeishika. Wacha nicheki kama inalia.” Akanyoosha mkono kwenye spika kubwa ya mlangoni, ile ya kuita wateja barabarani.

Veronicah angeweza kusema ni mambo ya nyumbani. Lakini Philister angeuliza ni mambo gani, na asingechoka kuuliza mpaka ajue. Tayari alikuwa amesogea karibu na spika, kichwa ameinamisha, tayari kusikia.

“Futa,” Veronicah alisema.

“Nini?”

“Futa yote. Sasa hivi.”

Sifuna aliacha mzaha. “Mum, hii ikienda hairudi.”

“Wewe ni fundi au ni mchungaji wangu?”

Akafuta. Hakukuwa na mlio wowote. Mstari mmoja ulitoweka kwenye kioo, basi.

“Sauti ya mume wako, Veronicah!” Philister alikuwa ameacha kumwita Mama Ciru. “Na kaburi halijakauka!”

“Ilikuwa imeharibika. Mzee hakupenda vitu vilivyoharibika.”

Alilisema hilo kwa Kiswahili chake safi cha ualimu, akapokea MP3 yake, ambayo Sifuna alikuwa ameijaza nyimbo za injili bila kuombwa na bila kudai malipo zaidi. Aliitia mkobani. Akaondoka dukani kwa mwendo wake ule ule wa kila siku.

Kufika Jumapili, habari ilikuwa imeenea. “Ana roho ngumu yule,” Philister aliwaambia wenzake penye chai, wala hakunong'ona. “Nilimwona kwa macho yangu.”

Ndani, mchungaji alimsifu marehemu kwa kirefu. Alisema Ephantus alikuwa mtu ambaye neno chafu halikuwahi kutoka kinywani mwake. Kanisa zima likaitikia Amina. Veronicah aliitikia pamoja nao, mgongo wima, kitambaa cha kufutia machozi kikiwa kimekunjwa mkononi hakijatumika. Na wanawake wa benchi lake, mmoja baada ya mwingine, wakasogea mbali naye, wakamwacha peke yake.