Msalaba Mwekundu Ukweni

Mnicheke tu, nimezoea. Juzi baba mkwe wangu wa Makobola aliniita nimpimie shamba lake na kumchagulia mikaratusi ya kuuza mbao. Nikavaa shati jeupe, waone kwamba binti yao hakuolewa na mtu ovyo. Asubuhi nzima nilivuta mkanda mpaka hadi mpaka, na kila mti wa kuuzwa nikaupaka msalaba wa rangi nyekundu. Jua lilipokaza, nikaegemea mmojawapo, nikapumzika.

Njiani kurudi, wanawake waliokuwa wakianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, walinisalimu kwa heshima, nikishawapita wanacheka. Nikajisemea, leo nimependeza kweli. Nikapunguza mwendo wanione vizuri.

Uani niliwakuta wapasua mbao wakingoja na baba mkwe. Mzee akawaambia, "Kila muti yenye iko na musalaba, mukate."

Mimi nikawapa mgongo, nikainama kumwamkia mama mkwe.

Mpasua mbao mmoja akauliza, "Na hii, Baba?"

Nikasikia kidole cha mzee mgongoni, kikifuata rangi polepole, bega hadi kiuno.

"Hii muti muiache," akasema. "Hii iko ya binti yangu."