Soprano Waliopotea Upande wa Kushoto

Namshukuru Mungu kwa mvi zangu, maana bila hizo wiki iliyopita nisingesamehewa.

Kijana wangu aliniletea spika za masikioni, zile za gharama, nisikilize rekodi mpya ya kwaya yetu hapa Nkoaranga. Mimi ndiye mzee wa kanisa ninayepitisha nyimbo kabla hazijatolewa.

Kulia, besi ilinguruma vizuri. Kushoto, walikopangwa akina mama wa soprano, nilisikia mnong'ono tu. Nikabadilisha waya. Nikaacha simu niliyokuwa nikisikilizia, nikatumia kicheza muziki cha kijana wangu. Nikaongeza amplifaya ndogo. Besi ikazidi kunguruma, akina mama wakabaki mbali kama wanaimbia kule Kisongo, ng'ambo ya mji.

Nikaiita kwaya nzima nyumbani.

"Soprano mmelegea," nikatangaza. "Vifaa hivi havidanganyi. Mtarekodi upya."

Mama Nderi, kiongozi wao, machozi yakamlengalenga. "Mzee, tuliimba mpaka koo zikakauka."

"Basi kunyweni maji, mrudie."

Ili wasinione mkali, nikampa mke wangu zile spika athibitishe mbele yao. Akasikiliza, akatabasamu.

"Mbona soprano wanasikika kama kengele?"

Kisha akanitazama. Akanigeuza kichwa kama anayemkagua mtoto kabla ya ibada, akaingiza vidole kwenye sikio langu la kushoto, akavuta.

"Baba Eliya," akasema, akiinua juu kipande cha pamba chenye mafuta ili hata besi waione, "hii si nilikuwekea sikio lilipouma, nikakwambia uitoe asubuhi?"