Neno Jekundu Juu ya Jina la Aliye Baharini

Ndugu wasomaji, mniwie radhi. Nilisoma hadi darasa la saba tu, pale Miburani, kisiwani kwetu, na herufi zangu hulala ubavu kama mitumbwi iliyopwewa. Nikimaliza ukurasa mmoja, chai imeshapoa. Mtakapokuta neno nimelikosea, likisieni, maana kazi ninayoieleza niliifanya mwenyewe.

Siku ya kwanza niliogopa hata kuvuka kizingiti. Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanza kuleta wageni Utende, na nyumba moja ya wazamiaji ilitaka mtu wa kushika daftari la vyombo. Nilikuwa kijana mwenye haya. Meneja aliponiuliza jina, nilijibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Akanipa karatasi niandike majina kumi, akasimama kunisubiri.

"Unaandika polepole," akasema, "lakini huruki mstari. Kaa hapo."

Kazi ilikuwa kuandika nani ametoka, kwa chombo gani, na nani amerudi. Kila aliyetoka sharti apate alama ya kurudi, ndipo na mimi niruhusiwe kwenda nyumbani.

Nilishika daftari miaka mingi. Baadaye nikapata kazi Kilindoni, kwenye ofisi ya safari za kutazama papa potwe, yule papa mkubwa asiyemdhuru mtu. Meneja wa pale alikuwa mtoto wa wenye duka, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Yeye ndiye aliyenikalisha mbele ya kompyuta.

"Daftari likilowa tunapoteza watu," aliniambia. "Sasa tunaandika kwenye mfumo wa tovuti."

Mfumo wa tovuti ni programu isiyokaa ndani ya kompyuta yako. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mbali, nawe unaifikia kwa mtandao. Na mtandao wetu siku hizo ulikuwa wa kubembeleza. Nikibonyeza, kialama kinazunguka tu. Nikibonyeza tena, mgeni mmoja anaandikwa mara mbili. Siku moja wageni sita wakawa kumi na wawili, na nahodha mkuu, Mzee Faki, akanicheka mbele ya watu: "Katibu, leo umenizalishia!"

Ndipo akaja fundi wa mifumo kutoka Dar es Salaam, binti tuliyemwita Dada Fundi. Nawashukuru wote waliobuni vitu alivyotuletea, ingawa siwajui. Alituwekea kache, ambayo ni akiba ya kurasa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, ili kisichobadilika kisifuatwe mbali kila mara. Kila nilipobonyeza, ombi lilipewa namba yake ya pekee. Seva ikilipokea mara mbili, inajua ni lile lile. Aliweka foleni pia, hata mtandao ukikatika, taarifa zinangoja kwenye kompyuta yangu au simu za manahodha na kuondoka zenyewe ukirudi. Kila mtu akapata nywila yake, na maneno yetu yakawa yanasafiri yamefungwa kwa msimbo, hata anayeyanasa njiani asiyasome. Kurasa zilizokuwa zikinichosha asubuhi nzima zikawa zinafunguka kabla sijakohoa.

Lakini kulikuwa na neno moja. Kila aliyekuwa majini, mfumo ulimwandikia mbele ya jina lake, kwa rangi nyekundu: HAJARUDI. Mzee Faki alipoliona kwenye kioo, alirudi nyuma hatua.

"Astaghfirullah! Katibu, mtu yu hai, ametoka nyumbani kwake salama, wewe unamwandikia hivi? Huko si kumwitia msiba?"

"Ni mfumo, mzee."

"Futa."

"Haufutiki, mzee. Kuna kitufe kimoja tu, cha AMERUDI SALAMA."

"Basi hilo ndilo neno. Bonyeza hilo, iwe dua."

Mtu mzima ameomba, na mimi haya zimenijaa. Nikabonyeza. Tangu siku hiyo, chombo kikiacha mchanga tu, nabonyeza. Manahodha wengine wakasikia, wakaniomba vivyo hivyo, na wake zao wakipita ofisini wanatazama kioo na kunishukuru. Kwa kichwa nilijua nani bado yuko nje. Meneja hakujua lolote.

Alasiri moja bahari ilichafuka. Mzee Faki alikuwa ametoka na wageni watano, na saa ya kurudi ilikuwa imepita. Meneja akatazama kioo, akaona wote wamerudi. Akampazia sauti kijana wa boti ya akiba aende Utende kuchukua mitungi ya wazamiaji. Ile ndiyo boti pekee iliyobaki ya kuokolea watu. Nikasikia injini yake inawashwa. Nilijua nikisema, kazi yangu imekwisha. Nikinyamaza, watu sita hawana wa kuwafuata.

"Bosi," nikasema.

"Nini?"

"Mzee Faki hajarudi."

"Acha mzaha. Hapa pameandikwa amerudi salama."

"Hiyo ni dua, bosi. Niliibonyeza mimi, asubuhi."

Alinitazama mpaka nikaona macho yake yanalowa. Kisha akatoka mbio, pindo la kanzu mkononi, anapiga kelele boti isimame.

Hapo ndipo ile foleni ilipotufaa. Simu ya Mzee Faki ilikuwa ikihifadhi mahali chombo kilipo, na ilipopata mtandao kidogo, ikatuma kila ilichonacho. Alama ikatokea kwenye ramani, kaskazini, upande wa kuelekea Ras Mkumbi. Boti ikaenda moja kwa moja. Waliwakuta injini imezima, wametia nanga, wageni wametapika mpaka basi, lakini wote wazima. Magharibi haikuwa imeadhiniwa walipofika pwani.

Mzee Faki alishuka, akaja mpaka mezani kwangu akichuruzika maji.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Katibu, kumbe ulinirudisha tangu asubuhi, ila mimi mwenyewe sikuambiwa!"

Ofisi nzima ikacheka. Mimi nikalia.

Meneja hakunifukuza. Alimwita Dada Fundi, naye akasema mbele yetu, "Kosa la kwanza ni langu. Nilitengeneza bila kuwauliza wanaokwenda baharini." Akamtaka Mzee Faki achague neno. Mzee akasema, "Andika YUKO BAHARINI. Huko ndiko aliko." Likawekwa, kwa rangi ya buluu. Kurudi kukawa kwa vitufe viwili, cha nahodha akiwa mchangani na changu nikiwa nimemwona kwa macho. Na mfumo ukaanza kuandika nani amebonyeza nini, saa ngapi, bila kufutika.

Nimestaafu kwa sababu ya macho. Nashukuru kwamba katika kazi yote ile sikumzika mtu kwa kidole changu, ingawa nilikaribia. Uvumbuzi ulitupa kasi na ulinzi. Ukweli ulibaki juu yetu sisi tunaobonyeza.

Sasa nanyi mnaofanya kazi kwenye mifumo, niandikieni. Niambieni ni kitufe gani mmewahi kukibonyeza kwa sababu mkubwa aliomba, na nani alikuwa bado yuko nje.