Mluzi Niliompigia Posta

Harufu ya sufu iliyolowa mvua hunitoa machozi mpaka leo, nanyi mtanisamehe. Ni harufu ya koti zito la jeshi ambalo baba alirudi nalo kutoka vitani, enzi za Mwingereza. Alirudi pia na wazo lililowachekesha majirani wote wa Old Moshi. Huko alikokuwa aliona mbwa wakitafuta watu waliopotea, naye akaapa kumfundisha mbwa wake. Kwetu ukungu ukishuka kutoka mlimani, mtu hupotea hatua kumi tu kutoka njiani. Mbwa mwenyewe alikuwa Posta, mwekundu, sikio moja limekatika, mwizi wa maziwa.

Wa kupotea nilikuwa mimi. Kila Jumamosi asubuhi nilijifunika lile koti na kujificha kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba na mibuni. Baba alimnusisha Posta kanga yangu, akamwambia, "Kaa!" na Posta akakaa akitetemeka kwa hamu mpaka aambiwe, "Tafuta!" Akinipata, alipewa kipande cha ngozi ya mbuzi. Mimi nilikuwa na amri moja tu: kimya.

Lakini nilikuwa na miaka minane na huruma isiyo na akili. Nilipomsikia Posta akizungukazunguka na kulialia, nilishindwa kuvumilia. Nilimpigia mluzi mdogo sana, baba asisikie. Posta alikuja mbio, baba akamsifu kwa majirani, nami nikavimba kichwa.

Masika yalipofika, bibi, mama yake baba, alikwenda korongoni kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ukashuka, naye hakurudi. Baba alimnusisha Posta shuka la bibi. "Tafuta!" Posta alikimbia hadi ukingoni mwa korongo, akakaa chini, akainua sikio lake zima, akasubiri.

"Ana nini huyu?" baba aliuliza.

Mimi nilijua. Alikuwa akisubiri mluzi, na bibi hakupiga mluzi. Niliogopa, nikanyamaza.

Wakata majani walimkuta bibi alasiri, amezimia, mguu umevunjika, hatua chache tu chini ya pale alipokaa Posta. Alipona, ila alitembea kwa mkongojo, na kila ulipogonga sakafu niliacha chakula changu nikatoka nje.

Siku moja nilichuma jani la isale, lile ambalo kwetu Wachaga likiletwa kuomba msamaha halikataliwi. Kwa kawaida hulileta mtu mzima, kwa niaba ya mkosaji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kakutuma na hilo?"

"Nimejituma mwenyewe."

Nikamweleza yote. Alilipokea jani, akalizungusha vidoleni.

"Kesho utajificha tena, Manka. Nyamaza mpaka akufikie."

"Na akinikosa?"

"Nitakuwa nyuma yake."

Posta alichukua muda mrefu sana asubuhi ile, lakini alinifikia. Nilisikia kwanza pua yake, kisha buti za baba.

Miaka yote nilidhani kosa langu lilikuwa huruma. Uzeeni ndipo nimeelewa kwamba sikuwa na imani kuwa mtu anaweza kunitafuta bila mimi kumwita. Baba amezikwa kihambani, chini ya migomba ileile. Ninapokwenda huko na ukungu ukashuka, hujifunika koti lake nikakaa kimya. Namtamani baba mpaka kifua kinauma. Lakini sipigi mluzi.